Siku Niliyofunza Tufe kwa Kaimati

Jamani, nawahadithia haya kwa sababu nyinyi ni wangu, lakini mukicheka chekeni polepole, maana mamangu yuko jikoni na hadi leo akisikia neno kaimati hunitupia jicho ambalo sitaki mulione. Mimi Zuhura, mwalimu wa chekechea, mtu wa kuwafunza watoto wa wenzangu adabu na ukweli, nilijiaibisha mbele ya watu waliokuja kuniposa.

Siku hiyo nilikuwa na somo la maumbo, si yale ya kuchora ubaoni, ni yale ya vitu unavyoweza kuvishika na kuvigeuza mkononi, na mimi (najiona kidogo kwenye kazi yangu, nakiri) sikutaka picha za kubandika ukutani, nilitaka vitu vya nyumbani. Nikatia mkobani kopo la maziwa, hilo silinda, dadu ya ludo, huo mchemraba, na karatasi ya njugu iliyokunjwa vizuri, hiyo ndiyo pia, yaani koni. Nikakosa tufe tu, kwa kuwa mpira wa darasa ulikuwa juu ya paa la jirani tangu wiki iliyopita. Sasa natoka, naona bakuli la kaimati. Mamangu alizikaanga alfajiri kwa ajili ya wageni wa alasiri, bado hazijatiwa shira, na zile za mviringo usio na kasoro amezitenga kando kwa ajili ya mama wa bwana harusi mtarajiwa. (Mwenye akili angechukua ndimu. Ndimu zilikuwepo.) Mama alikuwa sokoni, Marikiti, nikachukua kumi na mbili, zile zile nzuri, nikajiambia nitazirudisha adhuhuri kabla hajajua.

Somo likanoga. Salma, msichana wa miaka mitano aliyekuja kwetu muhula huo, akauliza, "Mwalimu, mbona kopo lasimama na tufe halisimami?" Nikafurahi mno, nikainamisha meza, nikasema tazameni, na badala ya kuweka kaimati moja nikaziweka zote, na darasa letu liko ghorofani, na mlango ulikuwa wazi, na mlango ule wafungukia ngazini.

Zilibingirika, wallahi, kama ilivyoandikwa kitabuni. Ngazi moja, ya pili, hadi nje barabarani, Ndia Kuu, na watoto kumi na tisa nyuma yake wakipiga kelele "Tufeee!", na mimi nyuma ya watoto nimeshika buibui kwa mikono miwili. Dereva wa tuktuk akasimama.

"Mwalimu, leo mwafunza mapishi?"

"Hisabati," nikamjibu, nimepiga magoti barabarani.

Nikaziokota. Moja paka alikwisha kuilamba, hiyo nikaitupa, mimi si mshenzi kiasi hicho. Kumi na moja zilizobaki nikazifuta moja moja kwa mtandio mpaka zikawa safi, yaani safi kwa kuzitazama, na watoto wamenizunguka kimya. "Hii ni siri yetu, sawa?" Wakaitikia wote, "Sawa, mwalimu!"

Adhuhuri nikazirudisha. Alasiri ilipokaribia mama akazimiminia shira huku akiimba kwa furaha, akaniambia, "Tazama zilivyo nzuri, mwanangu, hizi zitakuoza," na mimi nikafungua mdomo kusema, kweli nilifungua, lakini hapo hapo tukasikia hodi.

Akaingia Bi Rukiya, mamake Faiz (Faiz ambaye nilikuwa namtaka miaka miwili, sifichi), na dadake Bi Rukiya, na huyo dada mkononi amemshika mjukuu wake. Salma.

"Mwalimu wangu!" akaruka.

Salamu zikapita, kahawa ikaja, bakuli likawekwa kati. Bi Rukiya akala ya kwanza, akasifu, akachukua ya pili, na mimi namtazama tu.

"Na wewe Salma, huli?" mamangu akamuuliza.

"Mimi sili matufe yale," akasema, kwa ile sauti ya wazi niliyomfunza mwenyewe. "Yalibingirika mpaka barabarani, mwalimu akayafuta kwa mtandio. Paka alilamba."

"Ile ya paka niliitupa!" nikasema.

Kabla sijasema hivyo, jamani, ningeweza kucheka na kusema watoto wana mambo, na pengine wangeniamini.

Bi Rukiya akarudisha nusu ya kaimati kwenye kisahani, akajifuta vidole kimoja kimoja. Walikaa kidogo, kwa heshima, kisha wakakumbuka wana shughuli.

Kesho yake mama alikwenda kwao kuomba radhi, akinikokota. Nikaeleza yote, meza, mlango, ngazi. Bi Rukiya akasikiliza hadi mwisho.

"Uchafu ni kitu kidogo, mwanangu," akasema, "mimi nimelea watoto sita. Lakini ulikuwa wajua, ukaniangalia nikila ya pili."

 

Wiki ya saba hii hawajasema ndiyo wala la, na Faiz tukikutana njiani anisalimia vizuri, vizuri kupita kiasi, kama mtu amsalimiavyo mwalimu. Ningemwambia mapema, mama angenigombeza nusu saa tu siku ile, akakaanga nyingine, yakaisha. Nimejiapiza: kitu kikinianguka, nitasema kimeanguka, kikiwa bado kiko chini.