Kamba yenye rasta za zambarau

Leo hapa Makanyagio nimemwona msichana akifumua kwa meno kamba aliyoisuka mwenyewe.

Msichana huyo, Neema, mwanafunzi wa chuo aliye field, yaani mafunzo kwa vitendo, husuka kamba za ng'ombe kwa rasta kuukuu za saluni, zile nywele bandia za kusukia. (Rasta haziozi. Jalala limejaa.)

Mfugaji mmoja alikuwa anaijaribu kamba hiyo. "Hii hata dume halikati!"

Mama aliyekuwa anapita akaishika.

"Hizi za zambarau ni za binti yangu. Tulimfumua saluni kabla ya kumpeleka hospitali. Nilitaka kumzika nazo, nikakuta saluni wameshazigawa kwa msuka kamba."

Mfugaji akaiachia.

Neema akaomba msamaha, akaanza kufumua. Lakini alikuwa ameshazichoma ncha kwa moto zikagandana. Za zambarau ziligoma kuachana na nyingine.

"Acha, mwanangu. Nipe yote."

Akaifunga kwenye kanga, akaondoka.

Nyie mngemwambia nini? Mimi nilisema pole tu.