Damu ya Kondoo, Mguu wa Binti

Mimi ni mtu wa kuchemka haraka, na wiki ile maabara yetu ya Karatu iliishiwa damu ya kondoo, ile tunayooteshea bakteria. Wodini kulikuwa na binti kutoka Nainokanoka, kidonda kinamla mguu. Nyumbani baba yake alikuwa amemchoma sindano za dawa ya ndama siku nne mfululizo, wapi. Daktari alishasema: nisipompa jina la dawa inayofanya kazi kufikia Alhamisi, mguu unakatwa.

Baba akasema kondoo wapo, kwa shemeji yake hapo mjini. Nikampa chupa safi. Akarudi anatabasamu, damu kaikoroga vizuri isigande, na ndani yake katia maziwa. "Mgonjwa hanywi damu tupu, dada," akanieleza kwa upole. Nilitaka kumfokea, nikaishia kucheka mpaka nikashika meza. Kosa langu, sikumwambia kuwa wanaokula ni bakteria. Tukaenda wote, yeye akamshika kondoo shingo, mimi nikavuta damu kwa sindano.

Alhamisi asubuhi nikafunua sahani ya damu, niliyoipaka usaha wa kile kidonda na kuipangia vijikaratasi vyenye dawa mbalimbali. Bakteria wengi walikuwa wale wakali, wanaoyeyusha damu iliyowazunguka, na kando ya kijikaratasi chenye dawa moja wakali hao walikuwa wamekufa wote. Pale vilibaki vitone vichache tu vya bakteria sugu, lakini damu iliyowazunguka hao haijayeyuka. Chuoni nilisoma habari hii nikaona ni porojo: jeni moja ikiharibika, bakteria anapata ngao dhidi ya dawa, huku anapoteza meno. Nilikimbia na sahani koridoni, mama mzima wa watoto wawili, nacheka peke yangu.

Daktari aliitazama dirishani mara mbili. Akasema kisu kisubiri, dawa ianze sasa hivi, na wale wachache tutawafuatilia. Mguu ule binti anautembelea mpaka leo.

Nikamfuata baba nje. "Sindano zako ziliwapa nafasi wale sugu," nikamwambia. "Ukirudia nitakuja mwenyewe Nainokanoka." Hakucheka.

"Kwa hiyo ni mimi niliyemkata mtoto mguu?"

"Haukatwi, baba. Na hao sugu ndio wapole."

Akajifunga shuka vizuri, akaingia wodini. Tangu wafike alikuwa akimkabidhi nesi chakula mlangoni, hajamtazama mwanawe usoni.