Kopo Chini ya Kitanda cha Mama Mkwe

Najua utasema ni njaa ya kambini iliyonionyesha mambo. Sema tu. Lakini siku ile nilikuwa nimekula nsima, ugali wa huku, jua lilikuwa utosini, na akili zangu zilikuwa timamu kama zako wewe unayenisikiliza.

Vita vya pili vya Congo vilikuwa bado vinawaka. Mimi ni mtoto wa Bukavu, fundi cherehani, nikaolewa hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka na mwanamume wa Fizi, Mkongo mwenzangu. Tuliishi chumba kimoja na mama yake, mgonjwa wa kifua, pamoja na sungura mweupe niliyepewa kanisani. Dzaleka ukimlaza sungura nje, kesho ni mboga ya jirani. Basi akalala ndani, na kila alipoona kitambaa cha mteja, alikikojolea.

Nikaamua kumfundisha kukojoa mahali pamoja. Nilikata boksi, nikaweka majivu, na juu yake mavi yake mwenyewe na kitambaa chenye mkojo wake, ili harufu imwite. Hakuitika. Majivu yalimpigisha chafya tu. Jirani akaniambia sungura anataka udongo mkavu, mwepesi, lakini kwa mvua zile kambi nzima ilikuwa tope.

Ndipo nilipolikuta kopo la maziwa chini ya kitanda cha mama mkwe, limejaa udongo mweusi, mkavu, wa kichanga. Nikadhani ni wa kusugulia masufuria. Mtu wa mjini ningejuaje? Nikaumwaga wote kwenye boksi. Siku mbili sungura alilizunguka bila kuingia. Asubuhi ya tatu akaingia, akakojoa, nami nikampigia makofi. Kisha nikaenda Lilongwe kununua uzi.

Sokoni Area 25, mchana kweupe, mzee mmoja akanishika kiwiko. Upande wake wote wa kushoto ulikuwa umelowa, na siku hiyo mvua haikuwa imenyesha. Harufu ile niliijua. Nani aliyefua mkojo wa sungura mwezi mzima asiijue?

"Mukamwana," akaniita, kama mzee anavyomwita mke wa mwanawe, "mi nilikuwa nalala muzuri. Njo nini munanifanyia hivi?"

Baba mkwe sikuwahi kumwona. Alikufa kwao Fizi kabla sijaolewa. Nikamgeukia muuza uzi nimuulize kama anamfahamu mzee huyu. "Mzee gani?" akaniuliza. Nilipotazama tena hayupo, na kiwiko changu kilikuwa majimaji.

Nilirudi kambini mbio. Mama alikuwa amelala. Nikazoa udongo uliobaki mkavu, nikaurudisha kwenye kopo, nikajazia vumbi la chini ya kitanda. Ule uliolowa nikaenda kuutupa chooni. Hapo ndipo nilipopata akili ya kuuliza, na jioni nikamuuliza taratibu kopo lile ni la nini.

"Njo udongo ya kaburi ya bwana yangu," akasema. "Niliibeba ile siku tulikimbia. Siku nitakufa muniwekee yote, tulale pamoja."

Niamini, sijawahi kumwogopa mtu mzima wa afya kama nilivyomwogopa yule bibi asiyeweza hata kuketi. Kila alipokohoa nilidhani ataomba kopo. Hakuliomba.

Mvua zilipokwisha, naye akawa anakwisha. Akaniita peke yangu.

"Ile ya kopo muniwekee," akasema kwa sauti ndogo. "Na ile yenye sungura ilikojolea, we uliiweka wapi? Uniletee nayo. Ni bwana yangu, hata akinuka."

Nilisema, "Ndiyo, mama." Akanishukuru, akafumba macho.

Tulimzika na kopo ambalo nusu yake ilikuwa vumbi la chini ya kitanda. Sungura nilishamgawa zamani, lakini hadi leo nikikaa kwenye cherehani, jua likifika utosini, kiwiko changu cha kushoto hulowa, na harufu ile hujaa chumbani. Wateja huuliza kama nafuga sungura. Nasema hapana.

Nawe unayekaa na watu waliokimbia kwao, ukikuta udongo ndani ya nyumba, usiuguse kabla hujauliza ni wa nani. Mimi niliuliza nikiwa nimeshatoka chooni.