Mama Alipomchoma Baba wa Udongo

Mama yangu ni mfinyanzi, na kwa miaka mingi aliamini kwamba udongo haukunipa akili. Yeye akiufinyanga unakuwa chungu, watu wanapikia. Mimi niliufinyanga ukawa mtu wa urefu wa kiganja, nikamsogeza mguu kidogo, nikampiga picha kwa simu, nikamsogeza tena. Picha kumi na mbili kwa sekunde moja ya filamu. Mwezi mzima ulipita na mtu wangu alikuwa hajavuka barabara.

Nilimweleza kwamba kazi hii ina historia, kwamba tangu filamu zikiwa bado hazina sauti kulikuwa na watu ng'ambo waliojifungia ndani wakisogeza sanamu za udongo kidogo kidogo. Akaniuliza kama walikuwa na wake. Nikamwambia pia kwamba wengi hutumia udongo uliochanganywa na mafuta, usiokauka. Hilo ndilo lililomkera. Kwake, udongo usiokauka ni tope tu. Kwa kiburi nikasema nitatumia wa kwetu, ule anaochimba bondeni Usagara, na nitaufunika kwa kitambaa chenye maji kila nikimaliza kazi.

Mtu mwenyewe alikuwa baba. Alifariki mwaka juzi, na hakuna aliyewahi kumrekodi akitembea. Tuna picha moja ya pasipoti, ametoa macho kana kwamba mpiga picha amemtukana. Mimi nilitaka mwendo wake: bega la kushoto limeshuka, mguu wa kulia unachelewa, anatoka sokoni Mwaloni alikokuwa akipima dagaa, anafika nyumbani Kirumba, na mama wa udongo anamsubiri mlangoni. Filamu ingeonyeshwa siku ya kumbukumbu yake, mbele ya ukoo. Sikumwambia mtu kwamba nilikuwa nimeanza kuusahau mwendo huo, na kwamba jambo hilo lilinitisha.

Zilipobaki hatua tatu afike mlangoni, kazi ikanipeleka Bukoba siku kumi. Nilimwomba mama alowanishe vitambaa asubuhi na jioni.

Niliporudi, baba alikuwa mezani, mwekundu, mgumu kama tofali, mguu mmoja hewani. Mama alikuwa amemkausha taratibu kivulini, kisha akamchoma uani pamoja na vyungu vyake, kwa samadi kavu na nyasi. Alinipokea kwa furaha ya mtu aliyekufanyia hisani kubwa.

"Mkono ulikuwa unapasuka kila siku, wewe unauziba," alisema. "Nikaona mwisho ataisha. Sasa yuko imara."

Nilimgonga baba kwa ukucha. Alilia vizuri, kama chungu kilichoiva. Kazi safi kabisa, na nilitamani kuirusha ukutani.

Kwa siku tatu sikumwambia mama neno zaidi ya shikamoo. Siku ya nne, nikikusanya vifaa ili niachane na upuuzi huo, nikafunua kitambaa kingine. Mama wa udongo alikuwa laini, ameloweshwa vizuri. Nikamuuliza kwa nini huyo hakumchoma.

"Huyo bado anatembea," alisema, na akaendelea kuchambua mchele.

Basi nikaibadilisha filamu. Baba anakuja, ghafla anageuka rangi ya tofali, anasimama na mguu juu. Mlango unafunguka, mama anatoka, anazimaliza zile hatua tatu yeye, anasimama kando yake.

Siku ya kumbukumbu wajomba walicheka sana pale baba alipogeuka tofali. Mama hakucheka. Alinisogelea sikioni.

"Ndivyo ilivyokuwa," alisema. "Hakuwahi kurudi mwenyewe. Kila jioni nilimfuata kijiweni kwenye drafti, nikamrudisha."

Mimi nilikuwa nimemkumbuka akirudi peke yake. Nilikuwa mtoto mlangoni, nikimtazama baba tu. Sasa nikamwona na mwingine, hatua chache nyuma ya lile bega lililoshuka: mwanamke anatembea kimya, udongo umemkaukia mikononi.