Wifi Yake Aliye Kwenye Bango

Mafundi cherehani wote ninaowajua hukaa wakitazama mlango, maana mwanga wa kutungia uzi huingilia hapo. Mama Pindo hukaa akiupa mlango mgongo. Ndilo jambo la kwanza nililoliona kwake siku nilipompelekea suruali aipunguze kiuno, na nikadhani mwanga unamuumiza macho.

"Macho yangu mazima," alinijibu. "Toka nje, utaona ninachokikimbia."

Nikatoka. Ng'ambo ya barabara lilisimama bango la kiwanda cha saruji. Mwanamke mmoja alitabasamu nyuma ya cherehani ya umeme, na chini yake paliandikwa: TUNAINUKA PAMOJA.

"Huyo ni wifi yangu, dada wa mume wangu," Mama Pindo alisema kutoka ndani, bila kugeuka. "Alipopigwa hiyo picha, cherehani haikuwa hata na uzi."

Jina la Mama Pindo alipewa na wateja, kwa kuwa pindo alilolishona halifumuki. Cherehani yake ni ya kukanyaga kwa miguu. Mashati meupe ya shule huyafunika kwa shuka mara tu yanapokamilika, la sivyo vumbi la kiwanda huyageuza ya kijivu kabla mwenyewe hajaja kuyachukua. Kwa sababu ya vumbi hilo, mwaka jana wakazi waliitisha mkutano na kuomba bomba la moshi liwekewe vichujio. Afisa wa kiwanda akaja na cherehani sita.

"Vichujio viko kwenye mpango," alisema. "Leo tumekuja kuwainua akina mama."

Mama Pindo alisimama haraka, akiwa na hakika kwamba cherehani ni za mafundi. "Wapeni wanaojua! Au mnataka kumpa nani, wifi yangu huyu? Hajui hata kutunga uzi! Kifungo kikimkatika, analeta kwangu!"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Afisa hakucheka. Alimwita wifi mtu mbele, kwani mradi ulikuwa wa wasiojua kabisa. "Wewe, mama," alimwambia Mama Pindo kwa upole, "tayari umeshajiinua."

Mdomo ulikuwa umeponza kichwa. Tangu siku hiyo wivu ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Mumewe alilalamika kwamba hata chai hainyweki nyumbani bila dada yake kutajwa.

Wiki iliyopita wifi alikuja mwenyewe. Mafunzo ya kiwanda yalikuwa yameisha siku ya picha, na tangu hapo cherehani ya umeme ilikuwa imebeba televisheni. Sasa meneja anakuja kuadhimisha mwaka wa mradi. Kila mwanamke atashona mfuko wa ovaroli mbele yake, na atakayemridhisha atapewa kazi ya kushona ovaroli za kiwanda kizima.

"Wifi, nifundishe."

"Liulize bango likufundishe."

"Jamani wifi, yaishe. Nitafanyaje peke yangu?"

"Tabasamu tu. Zitajishona."

Wifi akainuka kuondoka. Mama Pindo akamwacha afike mlangoni. "Cherehani ije hapa. Ukipata kazi, inabaki hapa hapa. Mimi nashona, wewe unapokea wageni kwa hayo meno yako. Mapato nusu kwa nusu."

"Unanipora, wifi."

"Basi kaangalie televisheni."

Cherehani ikaja jioni ile ile. Mama Pindo aliikalia yeye kwanza, akashona vipande vya nguo kuukuu visivyo na kazi yoyote, mshono juu ya mshono, huku mwenye cherehani amesimama. "Kitu kitamu hivi!" alisema kwa uchungu. "Mwaka mzima!"

Kisha akafundisha. Mishono ya wifi ilipinda kama njia ya nyoka, na mikono yake ikapigwa vibao. Ulipotoka mfuko wa kwanza ulionyooka, Mama Pindo aliugeuza mara mbili akitafuta kasoro, akaikosa. "Sawa," alisema, kama mtu aliyeng'olewa jino.

Leo tupo uwanjani mwa kiwanda. Wanufaika wameketi chini ya hema. Sisi wengine tumesimama nyuma ya kamba. Wifi amevaa gauni jipya, na mpiga picha amekwisha kumzunguka.

"Akikosea, kazi imepotea," Mama Pindo ananinong'oneza. "Akipatia, watatundika bango la pili."

"Sasa unamwombea lipi?"

"Hebu niache."

Meneja amemaliza hotuba, anapita meza kwa meza. Wifi ameweka kitambaa, lakini amesahau kushusha kiguu kinachokibana, na macho yake yanamtafuta Mama Pindo kati ya watu. Mama Pindo anatazama pembeni. Halafu anainua mkono juu ya kamba na kuushusha polepole, kiganja chini, mpaka wifi anaelewa. Meneja amefika mezani kwake. Wifi ameweka mguu kwenye kikanyagio, nasi sote tunausubiri mshono.