Mchezo wa Redio Ambamo Dada Hakuwamo

Mimi nimesoma chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, na shule ya serikali nikaishia darasa la pili. Nalisema hilo mapema ili ijulikane kwamba mchezo ulionaswa hapa Nguvumali, mjini Tanga, ukasikika mpaka Dar es Salaam uliandikwa na seremala. Wako makarani mjini hapa, wana kalamu mbilimbili mfukoni, na hawajaandika hata ukurasa mmoja wa kusikilizwa na watu. Mimi niliandika maonyesho matatu kwa herufi za Kiarabu, kwa kalamu ile ile ya risasi ninayopigia mistari kwenye mbao, kisha jirani mmoja akanihamishia kwa herufi za Kizungu.

Ilikuwa miaka ya hamsini, redio bado kitu kigeni. Yangu ilikuwa kubwa kama kasha la nguo, na jioni watu walijaa dukani kwangu kuisikiliza. Bwana mmoja wa redio alipita Tanga akitafuta hadithi, akakaa kwenye kiti changu, na kiti changu ukishakikalia huondoki upesi. Nikamsimulia nilivyoingia mjini kutoka kijijini kwetu Tongoni na tezo moja ya kuchongea mkononi, na sasa nina mafundi sita.

"Bwana fundi," akasema, "niandikie mwanzo wake. Maonyesho matatu tu. Mwezi ujao nitarudi na mashine ya kunasa sauti. Mwanzo ukipendeza, tutaufanya mchezo wa kila wiki. Ila watu wasizidi wanne, msikilizaji asije akapotea."

Watu wanne nikawapata bila taabu: mimi, tajiri wangu wa kwanza aliyenipa kazi, mnunuzi mmoja mbishi, na mke wangu.

Nilipomaliza nikaita ndugu na majirani uani kwangu, Ijumaa baada ya swala. Dada yangu alikuja kutoka Tongoni kwa basi. Huyu ndiye aliyenilea wazazi wetu walipofariki. Ananizidi miaka kumi na miwili. Akakaa mbele kabisa. Nikasimama nikasoma kwa sauti, na sauti ninayo. Onyesho la kwanza, kijana yuko peke yake Tongoni, anachonga. Kitanda chake cha kwanza kinasimama. Anakipiga kofi, anasema, "Hiki nimekifanya kwa mikono yangu, wala hakuna aliyenisaidia."

"Hebu rudia hapo," dada akasema.

Nikarudia. Nilidhani pamemfurahisha.

"Kitanda hicho alikiwamba kamba nani?"

"Dada, huu ni mchezo tu."

"Nauliza, babu wee. Huyo kijana wako alilala juu ya mbao nne na upepo katikati?"

Watu wakacheka. Nikamweleza kwamba wenye redio wamesema watu wasizidi wanne.

"Mnunuzi umempatia nafasi," akasema. "Mnunuzi wa siku moja." Akajifunga kanga yake, akatoka bila kumuaga mtu.

Mke wangu akanigeukia. "Bwana, nitoe mimi umtie yeye. Mimi nilipoolewa nilivikuta vitanda vimekwisha simama."

Niseme kweli. Hiyo idadi ya watu ilikuwa kisingizio. Kamba za vitanda vyangu vya mwanzo, vile vilivyonipatia jina, alizisokota dada. Makumbi ya nazi hufukiwa kwenye tope la ufukoni kwa miezi mingi mpaka yaoze, ndipo hufukuliwa na kupondwa yatoke nyuzi. Yananuka. Dada alirudi nyumbani ananuka tope, mikono imechanika, akasokota hadi usingizi umshike, na asubuhi akawamba nilichochonga jana. Nami niliyekwisha kuwa bwana wa Nguvumali, anayevaa koti, sikutaka harufu ile iingie redioni. Ujinga mtupu, maana redio haina pua.

Siku tano zilibaki kabla ya bwana wa redio kurudi, lakini mchezo haukuwa tena shughuli yangu. Nilikuwa na dada mmoja tu duniani.

Nikapanda basi. Nikamkuta ufukoni na wanawake wenziwe, kila mmoja na rungu lake na lundo lake.

"Shikamoo, dada."

Kimya. Anaponda tu. Kwetu mkubwa akikunyima marahaba mbele ya watu, bora akuchape.

Nikarudia, akazidi kuponda. Basi nikavua koti, nikaokota rungu, nikakaa chini topeni kwenye lundo lake. Kazi ile mwanamume haigusi. Wanawake wakashangilia.

"Lo! Tajiri wa mjini kaja kusokota!"

"Mtafutieni kanga, asichafue suruali!"

Nikaponda. Mikono hii inayopasua mvule ikatoka malengelenge kabla ya adhuhuri. Mwisho dada akashindwa kuvumilia.

"Unaponda kama unaua nyoka. Zungusha kumbi, usikate nyuzi."

"Hivi?"

"Hivyo hivyo." Akaniangalia mikono, kisha uso. "Marahaba."

Sijapata kusikia neno tamu kama lile, na nimesifiwa na wengi.

Nikafuta onyesho la kwanza lote. Bwana wa redio alipokuja alimkuta dada uani kwangu na rungu lake na makumbi yake, na mke wangu amekwisha mpa nafasi yake. Sauti ya kwanza iliyonaswa na mashine ilikuwa ya kuponda. Maneno niliyomwandikia dada aliyakataa. "Sikuwahi kusema hivi," akasema, akasema yake. Yalikuwa mazuri kuliko yangu, na mimi si mtu wa kulikubali jambo hilo ovyo.

Mchezo wa kila wiki haukuwa. Walitoa maonyesho yale matatu jioni moja, wakaniandikia kwamba onyesho la kwanza ni zuri ila yaliyobaki yanamsifu mno fundi. Maoni yao. Jioni ile duka langu lilifurika mpaka barabarani, dada amekaa kitini, anajisikiliza.

"Mbona nina sauti ya kizee hivi?" akauliza.

Redio ilipozimwa nikasimama. Nikawaambia watu kwamba kila wanachokiona mle ndani, mbao na mafundi na jina langu, kimesimama juu ya mikono ya huyu mama, na kwamba namshukuru Mungu kisha namshukuru yeye.

Dada akanivuta shati. "Kaa chini, wewe. Usinishukuru hivyo mbele za watu, watadhani nimekufa."

Watu wakaangua kicheko. Sikukaa. Nikaanza tena kumshukuru, tangu mwanzo.