Imebaki Vifungo Tu

Mtaa mzima ulimwita Bi Dakika, na jina hilo alijitakia mwenyewe. Ukimwita alijibu, "Nipe dakika moja," na dakika hiyo moja ilikuwa na miguu mirefu kweli. Jirani aliyemgongea mlango kuomba chumvi alijikuta amerudi kwake, amepika bila chumvi, amekula na kuosha vyombo, ndipo anasikia anaitwa dirishani, "Ulikuwa unasema?" Wala hakuwa mvivu. Alikuwa na kazi hadi za kugawa, na kazi yenyewe ilikuwa kuandika.

Hakuwa na bosi wala ofisi. Aliandika kwa yeyote aliyemtaka: hotuba ya mwalimu mkuu anayestaafu, maelezo ya kutumia mashine ya kufulia, jarida la chama cha madereva, historia za wazee waliotaka wajukuu wawasome. Mwaka wa kwanza alichelewesha kazi tatu na wateja watatu wakamkimbia, na tangu hapo hofu iliingia kwake kama mpangaji asiyejua kuhama. Alilala nayo, akaamka nayo, akanywa nayo chai. Ndipo alipoubuni ule ukuta.

Ukuta ulikuwa juu ya meza ya kazi, umebandikwa vikaratasi vya rangi, kila kimoja na jina la mteja na siku ya kukabidhi. Siri yake ni kwamba siku hizo zilikuwa za uongo. Kazi ya Ijumaa aliiandika Jumatano, ya Jumatatu akaiandika Jumamosi. Siku mbili za akiba, alisema, ili lolote likitokea asiumbuke. Mezani aliweka saa ndogo ya jikoni, akaitega dakika ishirini na tano, na mpaka ilie hanyanyuki hata nyumba ikiungua.

Mpango mzuri, tena wa mtu mwenye akili. Tatizo ni kwamba huwezi kujifichia kitu ukasahau ulikokificha. Akiona "Jumatano" ukutani, moyo wake ulimnong'oneza, "Ah, Ijumaa hiyo." Basi zile siku mbili akawa anazila kila wiki, na hofu ikabaki palepale.

Mambo yalikuwa hivyo mama yake alipokuja kukaa naye. Mama alikuwa fundi cherehani, miaka arobaini kwenye pedali, na sasa koo lilimletea uvimbe uliomfanya azungumze kwa kukwaruza. Daktari hakuzungusha maneno: lazima wapasue, na baada ya hapo sauti inaweza kurudi na inaweza isirudi. Siku hiyo, walipofika nyumbani, mama alivua viatu, akakaa, akasema:

"Wewe si unaandika maisha ya watu? Basi niandike na mimi, kabla hawajanipasua. Kuna jambo moja nataka nikuambie. La siku nyingi. Nataka litoke kwa mdomo wangu huu, si kwa kuandikiana kwenye karatasi kama mabubu."

"Nakuandika, mama. Nimalize kwanza hii ya magodoro."

Hii ya magodoro ilikuwa kitabu cha miaka ishirini na mitano ya kiwanda cha magodoro, kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Mwenye kiwanda, ambaye ndani ya nyumba ile aliitwa Mzee wa Magodoro, alipiga simu asubuhi, mchana na jioni kama dozi ya dawa. Na kila mara Bi Dakika alijibu kwa sauti tamu, "Iko tayari, mzee wangu. Imebaki kuipitia tu."

Mama alipolisikia jibu hilo mara ya kwanza alicheka mpaka akakohoa.

"Imebaki vifungo tu!" alisema huku akijifuta machozi. "Mwanangu, kumbe umerithi."

Bi Dakika naye alicheka, maana alilijua neno hilo tangu hajaota meno. Hakuna fundi asiyelisema. Mteja akija kuulizia gauni lake, mama alimwambia bila kupepesa macho, "Limekwisha, dada, imebaki vifungo tu, pita kesho," na kitambaa chenyewe kiko kwenye rafu kimekunjwa, hata mkasi hakijaonja. Mtoto chini ya meza ya kukatia, akichezea vipande vya nguo, aliyaona yote hayo na kufunga mdomo.

Siku zikapita. Kila jioni mama alikaa kwenye kiti kando ya meza, mikono mapajani, akingoja. Kila jioni saa ya jikoni ilitegwa. Mama akauliza habari za ukuta, akaelezwa.

"Kwa hiyo unajidanganya mwenyewe?"

"Ndiyo biashara ilivyo, mama. Bila hivyo nitakwama."

"Mimi nilikuwa nawadanganya wateja," mama akasema. "Kujidanganya mwenyewe sikuweza."

Siku ya kwenda kupangiwa tarehe, Bi Dakika alikuwa na kikao cha simu, hivyo kaka yake, dereva wa teksi, ndiye aliyempeleka mama, akamrudisha mlangoni, kisha akaondoka na abiria wa safari ya mbali. Mama aliingia akasema, "Wametupa siku." Bi Dakika, vipokea sauti masikioni, aliinua kidole: dakika moja. Halafu akakielekeza ukutani.

Mama akaelewa. Akachukua kikaratasi cha kijani, akaandika taratibu kwa mwandiko wake wa vipimo vya nguo, na kwa kuwa hakuiamini gundi, akakichomeka kwa pini ya nguo: *Mama. Hospitali. Alhamisi, saa tatu.*

Jioni Bi Dakika alikisoma na kwa mara ya kwanza wiki ile akapumua. Alhamisi ya ukutani ni Jumamosi. Magodoro yanatoka Alhamisi saa sita mchana, ya kweli hiyo, zile siku mbili alikwisha kuzila. Ijumaa basi itakuwa ya mama tangu asubuhi hadi jioni, wawili peke yao, na kinasa sauti kati yao. Akaandika kikaratasi kingine: *Ijumaa, Mama, siku nzima.* Hakumwuliza mtu lolote. Angeuliza nini, naye utaratibu ameufundisha mwenyewe?

Jumatano jioni mama alisema, "Leo sili." Bi Dakika akajibu, "Sawa, mama," macho kwenye kompyuta, sura ya saba, ile ya sponji.

Alhamisi saa moja na nusu mama alikuwa amesimama mlangoni. Gauni limepigwa pasi, mtandio kichwani, mfuko mkononi.

"Mama, unakwenda wapi asubuhi yote hii?"

"Hospitali. Leo si Alhamisi?"

"Alhamisi ya ukutani, mama! Maana yake Jumamosi!"

Mama alimtazama kama anayemtazama mteja aliyevaa nguo nje ndani. "Mimi nimeandika siku aliyosema daktari. Ningeandika siku gani nyingine?"

Bi Dakika alitaka kulia, alitaka kugombana, na hakukuwa na wa kugombana naye. Alinyakua kompyuta, akanyakua simu, akasahau chaja. Ndani ya teksi ya dereva wasiyemjua alimshika mama mkono. "Niambie sasa, mama. Lile jambo." Mama akamwonyesha kisogo cha dereva kwa kidevu. Si mbele ya watu.

Lakini hospitali walikuta bahati. Nesi aliwapeleka kwenye benchi la mwisho wa ukumbi na kusema, "Kuna mgonjwa mmoja mbele yenu. Nyinyi mtaitwa saa nne na nusu." Saa tatu ilikuwa ndiyo kwanza inagonga. Saa moja na nusu nzima! Bi Dakika karibu amkumbatie nesi. Simu ikalia.

"Saa sita kamili, binti yangu," alisema Mzee wa Magodoro. "Mchapaji ananisubiri."

"Iko tayari, mzee. Imebaki kuipitia tu."

Hapo tumhurumie kidogo, kwa maana alipiga hesabu ambayo yeyote kati yetu angeipiga. Dakika ishirini na tano za magodoro, kisha saa nzima na zaidi ya mama, bila simu, bila wasiwasi. Akitanguliza mama, akili itakuwa kwenye magodoro. Alimweleza mama, na mama akatikisa kichwa kukubali. Akaitega saa ndogo, akaiweka benchini katikati yao.

Ilipolia, zilikuwa zimebaki kurasa sita. Hakumtazama mama usoni. Akaitega tena.

Ilikuwa imebakiza dakika nane nesi alipotokea akiwa na faili.

"Mama wa koo? Aliyekuwa mbele yenu amekutwa na homa, amerudishwa wodini. Tuingie."

"Hapana," Bi Dakika akasema, akasimama, kompyuta ikataka kumponyoka. "Ulisema saa nne na nusu. Nesi, nakuomba, dakika tano. Tano tu, nizungumze na mama yangu."

"Dada, daktari ameshavaa glavu. Hana hata dakika moja."

Simu ikatetemeka mkononi mwake na macho yakausoma ujumbe wa Mzee wa Magodoro kabla hajayazuia: *Usijitese. Mchapaji kaahirisha mpaka wiki ijayo.*

Mama alikuwa amekwisha kuinuka. Alivua mtandio, akaukunja vizuri, akamwekea binti yake begani. Bi Dakika akamshika kiwiko.

"Mama, lile jambo. Lisemee hata sikioni."

Mama aliangalia benchi lililojaa watu, akamwangalia nesi aliyeshikilia mlango, kisha akamwangalia mwanawe. Akampapasa shavu.

"Usiwe na wasiwasi," akasema kwa sauti ile ya kukwaruza, na kwa nguvu kidogo ili asikike. "Langu limekwisha. Imebaki vifungo tu."

Watu wa benchini wakacheka, maana nani hajawahi kuwa na fundi? Hata nesi alitabasamu akimwingiza. Bi Dakika hakucheka. Alikuwa amekulia chini ya meza ya kukatia, na alijua kitambaa kiko wapi mama yake anaposema hivyo.